Reli ya Trawsfynydd: Namna Ilivyojengwa na Namna Ilivyokatwa

Kaskazini-magharibi ya nchi ya Welisi, katika jimbo lililojulikana zamani kwa jina la Merioneth, kuna kijiji cha wachungaji wa kondoo kiitwacho Trawsfynydd, ambacho kwa muda wa miaka 77, tangu Novemba 1882 hadi Januari 1960, kilikuwa na stesheni yake ya gari la moshi, na ambacho tangu hapo hakijapata tena kuona treni ya abiria ya kawaida ikisimama katika stesheni hiyo. Stesheni zilizokufa ni nyingi katika visiwa vya Uingereza, na aghalabu sababu inayotajwa ni moja: motokaa ilikuja, abiria wakapungua, hesabu zikaonyesha hasara, na milango ikafungwa. Kadhia ya Trawsfynydd yastahili kuchambuliwa mbali na hizo nyingine, kwa kuwa humo hasara ilikuwepo, lakini si hasara iliyoikata njia; iliyoikata ni haja ya maji ya mji mkubwa ulio nje ya Welisi, na namna mkato huo ulivyofanywa, kwa sheria, kwa fedha na kwa ufundi, yatuonyesha waziwazi ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa nje ya hesabu.

Ili tuelewe mkato, sharti kwanza tuelewe ujenzi. Yapata maili nane kaskazini ya Trawsfynydd upo mji wa Blaenau Ffestiniog, ambao milima yake ni hazina ya lile jiwe jeusi lenye rangi ya samawati linalopasuka kwa tabaka nyembamba na kuezekewa nyumba. Katika karne ya kumi na tisa jiwe hilo lilitakiwa kila mahali palipojengwa mji, na kila kampuni ya reli ilitamani sehemu yake ya biashara hiyo. Tangu mwaka 1836 reli nyembamba ya Festiniog ilikuwa ikiteremsha mawe hadi bandari ya Porthmadog. Kisha mwaka 1879 kampuni ya London and North Western iliingia mjini kutoka kaskazini kwa kutoboa mlima kwa handaki lenye urefu uliozidi maili mbili. Ikabaki Great Western, kampuni kubwa ya magharibi, ambayo njia yake ilikuwa imekwisha kufika Bala, upande wa kusini-mashariki, nayo haikuwa radhi kuwaona washindani wake wakichuma peke yao. Kwa msaada wake ikaundwa kampuni ya Bala and Festiniog, ikapewa kazi ya kuvuka nyika na milima kutoka Bala hadi Blaenau, mwendo wa maili 25 hivi. Na kampuni hiyo ndogo, baada ya miaka yake ya kusimama kwa jina lake, ilimezwa kabisa na Great Western mwaka 1910.

Njia ilifunguliwa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, kutoka Bala hadi kijiji cha Llan Ffestiniog, ilianza kazi tarehe 1 Novemba 1882, na hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa stesheni ya Trawsfynydd. Awamu ya pili ilikuwa na tatizo la namna yake, kwa sababu kati ya Llan Ffestiniog na Blaenau tayari palikuwa na reli nyingine, iliyojengwa mwaka 1868, ambayo vyuma vyake viwili vilitengana kwa nafasi isiyofika futi 2, ilhali njia mpya ilikuwa na upana wa kawaida wa Uingereza, yaani futi 4 na inchi 8½. Msomaji aliyezoea reli ya zamani ya Mombasa, yenye upana wa mita moja, na akumbuke kwamba upana huo uko katikati ya hizi mbili: mkubwa kwa ile ya Blaenau, mdogo kwa ile ya Bala. Kampuni iliinunua reli nyembamba, wahandisi wakapanua matuta na mikato yake ili ibebe treni nzito, na tarehe 10 Septemba 1883 treni za upana wa kawaida zikaingia Blaenau.

Lakini machimbo yenyewe yaliendelea kutumia vigari vyao vidogo vya futi 2, navyo haviwezi kutembea juu ya reli pana. Dawa iliyopatikana ni ya busara sana: yakatengenezwa mabehewa ya upana wa kawaida, yasiyo na kuta, ambayo sakafuni mwake vimefungwa vipande vya reli nyembamba, vigari vya machimbo vikasukumwa juu yake, vikakazwa visiteleze, na gari likabeba gari mpaka mahali pa kupakulia. Kwa njia hiyo mawe hayakuguswa kwa mikono mara mbili, na jiwe la kuezekea ni mzigo ambao kila ukiguswa huvunjika kidogo, na kila kilichovunjika ni hasara ya mwenye machimbo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa mlima. Kutoka Bala njia ilifuata mto Tryweryn kuelekea magharibi, ikipanda taratibu katika bonde lenye mashamba, ikapita Frongoch na Arenig, kisha ikatoka katika nyumba za watu na kuingia katika nyika tupu ya Cwm Prysor, ambako ilifika kilele cha karibu futi 1,300 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuteremka kwenda Trawsfynydd. Katika sehemu zilizo kali mwinamo ulikuwa karibu futi 1 kwa kila futi 50. Asiyekuwa fundi huenda akaliona jambo hilo kuwa dogo, kwani mtu akipanda kwa miguu mwinamo huo hahisi taabu yoyote. Lakini chuma juu ya chuma huteleza kwa wepesi mno, na wepesi huo ndio faida ya reli katika tambarare na ndio adui yake mlimani. Treni ya tani 100 katika uwanda, ikienda polepole, hudai nguvu isiyofika nusu tani kuivuta. Treni hiyohiyo katika mwinamo wa 1 kwa 50 hurudishwa nyuma na uzito wake kwa nguvu ya tani 2, na nguvu hizo sharti zitoke katika magurudumu machache ya injini yanayoweza kushika vyuma vilivyolowa mvua. Ndiyo sababu abiria wa Trawsfynydd katika maisha yote ya njia ile hawakuzoea treni ndefu: walizoea injini ndogo yenye tangi lake la maji mwilini mwake, ikivuta mabehewa mawili, ikichukua zaidi ya saa nzima kukata maili 25.

Mahali ambapo bonde la Prysor lilikatiza njia, wajenzi walisimamisha daraja la matao 9 ya mawe, lenye kimo kinachozidi futi 100, nalo lingali limesimama hadi leo. Tao ni kazi ya hekima ya kale: mawe yake hayashikani kwa kuvutana, bali kwa kubanana, na kila uzito unaopita juu huzidi kuyabana na kuyaimarisha, mradi miguu ya tao isisogee. Baada ya daraja, njia iliendelea juu ya ukingo mwembamba uliochongwa ubavuni mwa mlima, bonde likiwa chini upande mmoja na jabali likiwa juu upande wa pili. Kipande hicho kilihitaji ulinzi wa daima, kwa sababu mvua huporomosha mawe na theluji huziba njia, na katika baridi kali ya mwaka 1947, ambayo Uingereza nzima inaikumbuka, theluji iliishinda njia ile.

Sasa tuitazame stesheni yenyewe. Njia ilikuwa ya reli moja, yaani treni za kwenda na za kurudi zilitumia vyuma vilevile, na kwa hiyo kila mahali zilipoweza kupishana palikuwa kiungo cha lazima cha mwendo mzima. Trawsfynydd palikuwa mahali pa namna hiyo: palikuwa na njia mbili zilizolala sambamba, majukwaa, kibanda cha ishara, na banda la injini. Usalama wa reli moja katika Uingereza ulisimama juu ya kanuni nyepesi kuisema na ngumu kuivunja: kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kina alama yake, fimbo au kibao cha chuma, na hakuna dereva anayeruhusiwa kuingia katika kipande hicho bila kuishika mkononi. Mashine za alama hizo, moja kila mwisho wa kipande, zimeunganishwa kwa waya wa umeme, hata ikiisha kutolewa alama moja, nyingine yoyote haiwezi kutoka mpaka ile irudishwe. Basi mtumishi wa kibanda cha ishara alikuwa mshika amana ya roho za watu, na treni iliposimama Trawsfynydd kubadilishana alama, ndipo abiria, barua, makaa ya mawe, chakula cha mifugo, na kondoo wa kwenda sokoni walipopata nafasi yao ya kupanda na kushuka.

Kazi hiyo ya kila siku iliongezewa nyingine iliyotoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya ishirini jeshi la Uingereza lilichagua nyika za Trawsfynydd kuwa uwanja wa mazoezi ya mizinga, na kwa kuwa farasi, mizinga na askari wengi hawawezi kushushwa katika jukwaa la kijiji bila kuisimamisha njia nzima, mwaka 1911 ikajengwa stesheni ya pili, ya jeshi, karibu na ile ya raia. Vivyo hivyo huko Frongoch, mwaka 1916, baada ya maasi ya Dublin, treni zilileta wafungwa wa Kiairishi wapatao 1,800, Michael Collins, kiongozi wa baadaye wa kupigania uhuru wa Ireland, akiwa miongoni mwao, wakafungiwa katika kambi iliyokuwa kando ya reli. Hapa yaanza kuonekana tabia ya njia ile: ilijengwa kwa ajili ya jiwe la watu wa mbali, ikapanuliwa kwa ajili ya jeshi la watu wa mbali, na wenyeji wakaitumia kwa kuwa ilikuwepo.

Wenyeji, hata hivyo, waliipa maana ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la kampuni. Mwana wa mkulima wa shamba la Yr Ysgwrn, Ellis Humphrey Evans, ambaye jina lake la ushairi lilikuwa Hedd Wyn, aliuawa vitani huko Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917, na majuma machache baadaye, katika tamasha kuu la mashairi la Wawelisi lililofanyika Birkenhead, shairi lake likatangazwa kuwa mshindi wa kiti anachotuzwa mshairi bora. Kiti hicho, kilichochongwa na fundi mkimbizi wa Kibelgiji, Eugeen Vanfleteren, kikafunikwa kitambaa cheusi kwa kuwa mwenye kustahiki kukikalia hakuwa hai. Kisha kikasafirishwa kwa treni hadi Trawsfynydd na kupelekwa nyumbani kwa wazazi wake kwa gari la farasi. Stesheni iliyowapeleka vijana wengi vitani ndiyo iliyokipokea kiti hicho, na hadi leo kimo katika nyumba ileile ya shamba, watu wakienda kukizuru.

Tuje sasa kwenye mkato. Kufikia miaka ya 1950 ni kweli kwamba njia ilikuwa dhaifu: biashara ya jiwe la kuezekea ilikuwa imeshuka, mabasi na malori yalikuwa yakichukua mizigo, na mabehewa mawili yalitosha na kubaki na nafasi. Wakati huohuo Baraza la Mji wa Liverpool lilikuwa likitafuta maji, na likaliona bonde la Tryweryn kuwa chombo kilichokwisha kuumbwa: lina mvua nyingi, lina mdomo mwembamba wa kuzibwa kwa boma, na mto wake huingia katika mto Dee, ambao waweza kuyachukua maji kwa njia yake ya asili na kuyafikisha karibu na Liverpool bila bomba refu la kuvuka milima. Kwa fundi wa maji ulikuwa mpango wa kupendeza. Kwa mkazi wa bonde ulikuwa msiba, kwani chini ya maji kingekwenda kijiji cha Capel Celyn pamoja na kanisa lake, shule yake, posta yake, na mashamba 12 ambayo ardhi yake yote au baadhi yake ingezama; na kati ya watu 67 wa bonde lile, 48 walipoteza makao yao.

Chombo kilichotumika kuupitisha mpango kilikuwa muswada wa faragha katika Bunge la London, ambao ulipopata nguvu ya sheria uliliwezesha baraza kujenga bila kuomba ridhaa ya mamlaka za mipango za Welisi. Sheria ilipitishwa tarehe 1 Agosti 1957, ingawa kati ya wabunge 36 wa Welisi hakuna hata mmoja aliyeipigia kura ya kuiunga mkono. Watu wa bonde walikuwa wamekwisha kuandamana hadi katikati ya Liverpool kwenyewe mwaka uliotangulia, wazee kwa watoto, na sauti yao haikuubadili mpango.

Reli ilipita katikati ya bonde hilo, na mwaka 1930 Capel Celyn ilikuwa imepewa kituo chake kidogo cha kusimama. Wahandisi walikuwa na njia mbili mbele yao. Ya kwanza ilikuwa kuhamisha reli, kuchonga ubavu mpya wa mlima juu ya usawa wa maji na kuijenga upya sehemu ambayo ingezama, ili treni ziendelee kutoka Bala kwenda Trawsfynydd na Blaenau. Ya pili ilikuwa kukubali kwamba njia imekufa katikati, na badala yake kujenga kiungo kifupi ndani ya mji wa Blaenau, mahali ambapo reli ya Great Western na ile ya London and North Western, kwa sababu ya ushindani wao wa zamani, zilikuwa na stesheni mbili zilizotenganishwa na mwendo mfupi wa miguu, pasipo chuma cha kuziunganisha kwa karibu miaka 80. Njia ya kwanza ilikuwa ndefu na ghali, na ingemhudumia abiria; ya pili ilikuwa fupi na rahisi, na ingeuhudumia mzigo. Iliyochaguliwa ni ya pili, na fedha za kiungo zikatoka Liverpool.

Mzigo uliokuwa ukifikiriwa haukuwa jiwe tena. Kando ya ziwa la Trawsfynydd, lililotengenezwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme wa maji wa Maentwrog, Serikali ilianza kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, jengo lililosanifiwa na Sir Basil Spence, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1965. Fueli iliyokwisha kutumika katika vinu vyake ilipaswa kupelekwa Sellafield, kaskazini ya Uingereza, ndani ya makasha ya chuma yenye uzito wa tani zipatazo 50 kila moja, na mzigo wa namna hiyo reli huubeba kwa salama kuliko barabara nyembamba za mlimani.

Basi kazi ikafuata mpangilio huu. Treni ya mwisho ya abiria ya kawaida ilipita Jumamosi tarehe 2 Januari 1960. Mizigo iliendelea mwaka mmoja zaidi, hadi mwisho wa Januari 1961, kisha vyuma na mataruma vikang'olewa na bonde likaachiwa wajenzi wa bwawa. Tarehe 20 Aprili 1964 kiungo cha Blaenau kikafunguliwa, na treni za mizigo zikaanza kushuka kutoka kaskazini kwenye kipande cha reli ya zamani hadi kwenye winchi kubwa iliyosimamishwa kando ya barabara ili kuyapokea makasha ya kituo cha umeme. Tarehe 21 Oktoba 1965 bwawa, lililopewa jina la Llyn Celyn, likafunguliwa rasmi katikati ya kelele za waandamanaji. Na ni muhimu sana msomaji aliangalie jambo moja katika mpangilio huo: reli iliyofufuliwa ilikoma kwenye winchi. Kijiji kilikuwa mbele kidogo tu, tuta lilikuwepo, majukwaa yalikuwepo, lakini vyuma havikurudishwa hadi stesheni ya Trawsfynydd, kwa kuwa hakuna kasha la fueli lililohitaji kufika huko.

Uadilifu wataka tuupime pia upande wa pili. Yupo awezaye kusema kwamba, hata kama njia ingehamishwa juu ya bwawa, isingedumu. Sababu yake ni kwamba reli kuu ya Ruabon hadi Barmouth, ambayo njia yetu iliungana nayo karibu na Bala, ilifungwa nayo Januari 1965 katika upunguzaji mkubwa wa reli za Uingereza uliofuata ripoti ya Dr Beeching ya mwaka 1963. Hoja hiyo ina nguvu, nami siipingi: laiti Liverpool wangalitoa fedha zote za kuihamisha, huenda zingalipata kazi ya miaka michache tu. Lakini hoja hiyo haiwezi kutumika kuusafisha uamuzi wa mwaka 1957, kwani waliouamua hawakuijua ripoti ya 1963. Wao waliamua kwa kipimo cha siku yao, na kipimo chenyewe ndicho kinachohukumiwa hapa.

Tena, kiungo cha Blaenau si kitu cha kubezwa. Mzigo wa nyuklia ulikuwa miongoni mwa sababu zilizosaidia njia ya Llandudno hadi Blaenau isifungwe, na mwaka 1982 stesheni mpya moja ilijengwa katikati ya mji mahali ilipokuwa ile ya Great Western, ambako treni za kawaida na treni za reli nyembamba ya Festiniog, iliyofufuliwa na watu wa kujitolea, hukutana bega kwa bega. Mwunganisho ulioshindikana kwa ushindani wa kampuni ulipatikana kwa sababu ya bwawa. Vinu vya Trawsfynydd vilizimwa mwaka 1991, makasha yakaisha katikati ya muongo huo, na kipande cha kutoka Blaenau hadi kwenye winchi kikalala kimya nacho. Kutoka Bala hadi Trawsfynydd leo msafiri hupita kwa barabara ya motokaa, ambayo mahali pengine imelala juu ya tuta la reli ya zamani.

Hukumu yangu ni hii. Kiufundi, mkato wa Trawsfynydd ulifanywa kwa ustadi: kiungo kilikuwa kifupi, kilijengwa kwa wakati wake, na mzigo uliokusudiwa ulipita salama kwa miaka thelathini. Kosa halikuwa katika chuma, lilikuwa katika swali lililoulizwa. Wahandisi waliulizwa ni mzigo gani utakaokosa njia, wakajibu vema. Hakuna aliyewauliza ni mtu gani atakayekosa njia, na kwa hiyo fidia ya reli ililipwa kwa reli, kwa tani na kwa mabehewa, ilhali abiria wa Arenig, wa Cwm Prysor na wa Trawsfynydd hakuandikwa katika safu yoyote ya hesabu. Mwaka 2005 Baraza la Liverpool liliomba radhi hadharani kwa yaliyotendeka Tryweryn, nalo lilifanya jambo la heshima. Lakini radhi huja baada ya tendo, na hesabu huja kabla yake. Kwa hiyo kila mwenye kupima bwawa, barabara kuu au mgodi utakaokatiza njia ya watu, popote alipo, namwomba aandike katika ukurasa wa kwanza wa makadirio yake, kabla ya bei ya saruji na chuma, idadi ya watu wanaoitumia njia hiyo na jina la njia watakayopewa badala yake. Na ikiwa safu hiyo ni tupu, basi makadirio hayajakamilika na sheria isipitishwe.